Ndege Aliyemwimbia Kashaija

Kokubanza hakuwa na viatu. Hakuwa na saa ya kumwamsha, wala taa ya chemli yenye kioo kizima, wala kitabu chochote chenye picha za ndege. Hakuwa na kaka wa kumtuma wala dada wa kumwuliza. Alikuwa na daftari moja lililobakiwa na kurasa kumi na nane, na penseli fupi kama kidole gumba. Hayo yote aliweza kuishi bila kuyawaza. Alichokikosa kila siku, asubuhi na jioni, ni baba.

Baba yake, Kashaija, aliondoka kijijini kwao Rugera mwanzoni mwa mwaka 1979 pamoja na wanamgambo wengine, wakati wa vita. Vita vilikwisha na wenzake wakarudi, lakini yeye hakurudi. Bomu lililofukiwa ardhini lilimlipukia. Lilimwachia mikono na miguu, likamchukua macho yote mawili. Tangu hapo alikuwa katika hospitali kubwa ya Dar es Salaam, na sasa ulikuwa mwezi wa kumi wa mwaka 1980.

Kila asubuhi Kokubanza aliteka maji kisimani, kisha akaenda shule, darasa la tano. Alasiri alimsaidia mama yake, Placidia, kibanjani. Kibanja ni shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, na kwa watu wa Karagwe kibanja kisichotandazwa nyasi ni aibu ya mwenye nyumba. Mama alikata nyasi mlimani akazibeba kichwani, na Kokubanza akazitandaza chini ya migomba ili udongo usikauke na magugu yasiote. Kazi yake ya pili, ambayo aliipenda zaidi, ilikuwa kumfukuza mfukuaji.

Hilo ndilo jina walilompa ndege mmoja wa rangi ya vumbi, asiye na sauti, aliyekuja kila alasiri kupekua nyasi. Hakuchakura kwa miguu kama kuku. Alizishika nyasi kwa mdomo na kuzirusha pembeni, moja kulia, moja kushoto, mpaka udongo ukabaki wazi.

"Huyo tena!" mama aliita. "Sisi tunakivisha kibanja, yeye anakivua nguo! Lenga, Kokubanza!"

Kokubanza alikuwa na shabaha. Donge la udongo lilipasuka karibu na mkia wa ndege, naye akaruka chini chini kati ya migomba na kupotea.

Jioni moja mzee Egbert alifika na barua. Egbert alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, na kila Ijumaa alikwenda kwa baiskeli mpaka posta ya Kayanga, akipeleka barua za kijiji na kurudi na nyingine. Yeye mwenyewe alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini, katika masomo ya jioni ya watu wazima, na sasa ndiye aliyeyafundisha. Hakumpa mtu barua yake kabla mtu huyo hajasoma jina juu ya bahasha.

"Shikamoo, mzee," alisema Placidia akinyoosha mkono. "Nipe basi."

"Marahaba. Soma kwanza. Barua si kuku, kwamba unashika miguu tu unaondoka naye."

Placidia alifuta mikono kwenye kanga. "Pla-ci-di-a... Ka-sha-i-ja."

"Umeona? Mwezi wa tano ulikuwa huwezi." Egbert alimpa barua, akapanda baiskeli yake.

Kokubanza ndiye aliyeisoma kwa sauti.

"Mke wangu Placidia na mwanangu Kokubanza. Anayeandika ni Theoneste, kijana wa Kibingo, ambaye kitanda chake kiko karibu na changu. Mguu wake mmoja ulibaki vitani lakini mkono wake ni mzima, na maneno ni yangu. Mimi sijambo. Hapa asubuhi tunaamshwa na kunguru. Wanagombana juu ya bati mpaka jua linatoka. Nikiwasikia namkumbuka yule ndege wa kwetu anayeimba kabla ya mapambazuko mvua zikianza, yule anayesema neno halafu analirudia, kana kwamba hatukumsikia. Nimemsikia tangu utoto wangu. Nilikuwa nikitoka na jembe yeye akiimba, na sikuinua uso hata siku moja kumtazama. Nilidhani yupo tu, nitamtazama siku nyingine. Sasa, Kokubanza, nitazamie wewe. Ana rangi gani? Ana ukubwa gani? Anakaa wapi, anakula nini, anatembeaje? Niandikie kila kitu, ili nikimsikia kichwani mwangu nimwone."

Mama alikwenda kukoleza moto ambao ulikuwa ukiwaka vizuri.

Kesho yake Kokubanza aliamka gizani. Ukungu ulikuwa umejaa kibanja kizima. Ndege alikuwa akiimba juu ya mkuyu mkubwa nyuma ya nyumba, sauti safi, neno moja mara mbili au tatu, kisha neno jingine. Kokubanza alikimbia mpaka chini ya mti. Kijiti kikavunjika chini ya mguu wake, na wimbo ukakatika. Alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Siku ya pili mvua ilinyesha. Siku ya tatu alilala mpaka mama alipomvuta blanketi. Siku ya nne alisikia tena, akakimbia tena, na ndege akanyamaza tena.

Kisimani alimkuta Kemilembe, jirani yake na mwenzake wa darasani.

"Macho mekundu hivyo, umekunywa pombe ya rubisi?" Kemilembe alimtania.

"Namtafuta ndege wa baba. Anaimba gizani, mimi nikifika ananyamaza."

Kemilembe alicheka, kisha akamshika bega. "Tulia. Tazama pale!" Kwenye kichaka kando ya maji alitua ndege mwenye tumbo la rangi ya chungwa lililoiva, na juu ya kila jicho mstari mweupe kama nyusi zilizopakwa chokaa. "Huyo ndiye. Ndege mzuri namna hiyo ndiye anayeimba. Ulitaka aimbe nani, kuku wenu?"

"Lakini sijamwona akiimba juu ya mkuyu."

"Na baba yako je, atamwona?"

Maneno yale yalimchoma Kokubanza, lakini hakuyakataa. Ijumaa ilikuwa kesho, na baba alikuwa akisubiri.

Alasiri ile aliandika. Alianza na tumbo la chungwa na nyusi nyeupe. Kisha akamfikiria baba akiwa kitandani, katika giza lisilokwisha, akaona ndege yule bado hatoshi. Akampa mkia mrefu mwekundu. Akampa mabawa ya buluu kama kanga ya sikukuu ya mama. Akaandika kwamba anakula asali ya maua tu, na kwamba hashuki chini kamwe, kwa sababu chini kuna matope. Mwisho akaandika: "Nilimwona kwa macho yangu mwenyewe, juu kabisa ya mkuyu wetu, akiimba, mdomo wazi."

Barua ikaenda. Majibu yalifika baada ya wiki tano, katikati ya mwezi wa kumi na moja. Safari hii Placidia alisema, "Nipe nisome mimi." Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Mwanangu Kokubanza, Theoneste amenisomea barua yako mara sita, sasa anasema sauti imemkauka. Nimewasimulia wote wodini. Mzee mmoja wa Kilwa asiyeona kama mimi ameniomba nimsimulie tena. Sasa nitakwambia jambo ambalo sikumwambia hata mama yako. Madaktari waliniruhusu tangu mwezi wa saba. Mimi ndiye niliyekataa kurudi. Hapa watu wanatuhurumia, na mwenye huruma hasemi kweli. Muuguzi ananiambia uso wangu umekuwa mzuri, na mimi naugusa kwa vidole nakuta makovu. Niliogopa kwamba nyumbani itakuwa hivyo hivyo: mtaniambia kibanja kina afya kumbe kimekufa, mtaniambia hakuna deni, hakuna ugonjwa, hakuna msiba. Niliona ni heri nikae na wageni wanaonidanganya kuliko watu wangu. Lakini barua yako imenipa moyo. Mtoto aliyenitazamia ndege namna hii atanitazamia na mengine. Nitarudi kabla ya Krismasi. Hospitali inataka barua kutoka nyumbani, inayosema nani atanipokea Bukoba nikishuka melini. Jibuni upesi."

Placidia aliiweka barua magotini. Kisha akapiga kigelegele ambacho hakukipiga tangu vita vilipoanza, na majirani wakaja mbio wakidhani kuna harusi au nyoka. "Anarudi!" aliwaambia. "Kashaija anarudi! Na ni huyu, huyu mtoto wangu, ndiye aliyemrudisha!"

Jioni ile Kokubanza alisogeza sahani yake ya ndizi pembeni.

"Andika majibu sasa hivi," alisema mama.

"Kesho, mama."

"Kesho yako naifahamu. Basi kesho."

Lakini kesho yake, Jumamosi, Kokubanza alikwenda kwa mzee Egbert. Alimkuta uani, amepiga goti mbele ya kopo kuukuu la mafuta ya kupikia lenye maji kidogo, ametumbukiza rula.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usisogee, utatikisa maji." Alisoma rula, akaandika katika daftari lenye jalada la kitambaa. Kila asubuhi alipima mvua ya usiku, na alikuwa amefanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja. "Haya. Sema."

"Mzee, ndege anayeimba alfajiri kwenye miti yetu, ni yupi? Ana umbo gani?"

Egbert alifikiri. "Sijui."

Kokubanza alishangaa. Hakuwahi kumsikia mzee huyu akisema neno hilo. "Hujui?"

"Nina miaka sitini na nne, nimemsikia miaka hiyo yote, na sijui. Watu watakwambia ni yule mzuri wa kisimani. Labda. Nani aliyemwona akifungua mdomo?"

Kokubanza aliinamisha kichwa. Egbert alimtazama kitambo, kisha akamfungulia daftari lake la mvua. Mistari ilifuatana, tarehe na kipimo, tarehe na kipimo. Lakini mwezi wa nne wa mwaka uliopita, kwa siku sita mfululizo, paliandikwa neno moja tu: sijui.

"Hapa nililala na homa," alisema. "Mke wangu akaniambia, mzee, Jumanne ilinyesha sana, andika hata vidole vitatu. Nikamwuliza, ulipima? Akasema, nilisikia bati. Nikamwambia, mama, bati halipimi mvua." Alicheka peke yake. "Siku sita hizi haziniharibii daftari. Ningezijaza kwa kukisia, ningeliharibu lote, maana nisingejua tena lipi nililipima na lipi nililitunga."

"Nitamwonaje, mzee? Kila nikienda ananyamaza."

"Kwa sababu unamfuata. Usimfuate. Tangulia wewe, ukae, yeye aje akukute. Na usikimbilie kujua. Siku ya kwanza sikiliza tu."

Asubuhi iliyofuata Kokubanza alikaa chini ya mbuni, mbali kidogo na mkuyu, amejifunika gunia, kabla ndege yeyote hajaamka. Alisikiliza. Siku ya pili alihesabu: neno mara mbili, neno jingine mara tatu, kituo, kisha tena. Siku ya tatu aliona kivuli tu juu ya tawi kavu, koo likitikisika kila wimbo ulipotoka. Aliandika katika daftari lake: "Kivuli. Ukubwa: zaidi ya ngumi ya mama. Rangi: sijui."

Nyumbani mama alianza kukasirika. "Barua iko wapi? Baba yako anangoja, wewe unakaa kwenye umande kama chura!" Na kisimani Kemilembe alimwita Bibi Ndege mbele ya wenzao, akamwiga alivyochuchumaa na gunia kichwani, wote wakacheka. Kokubanza aliteka maji yake akaondoka.

Siku ya sita mawingu yalipasuka mapema. Ndege alikuwa angali akiimba mwanga ulipofika juu ya mkuyu, na Kokubanza akamwona.

Hakuwa na mkia mwekundu. Hakuwa na buluu yoyote. Mgongo wake ulikuwa wa kahawia ya kijivu, kama nyasi iliyonyeshewa. Koo lilikuwa jeupe lenye michirizi myeusi. Kifua kilikuwa cha rangi ya vumbi, na ubavuni, chini ya bawa, palikuwa na wekundu hafifu wa matofali. Mdomo tu ndio uliong'aa, wa manjano inayoelekea chungwa. Mdomo huo ulikuwa wazi, na wimbo wa baba ulikuwa ukitoka ndani yake.

Ndege alimaliza, akajikung'uta, akashuka kimya mpaka chini ya mgomba. Alipiga hatua chache za haraka, akasimama wima, akainamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza mlangoni. Kisha akashika nyasi kwa mdomo akazirusha pembeni. Moja kulia, moja kushoto.

Alikuwa mfukuaji.

Kokubanza aliutazama mkono wake wa kulia, mkono wenye shabaha. Ni mara ngapi alimrushia donge ndege ambaye baba alimlilia kule Dar es Salaam? Ndege akavuta mnyoo, kisha mdudu mweusi mgumu kutoka kwenye shina la mgomba, kisha buu jeupe. Hakumeza. Aliruka na chakula mdomoni mpaka kwenye mgomba wa tatu, katikati ya vichane vya mkungu, na pale pakatoka vilio vidogo. Palikuwa na kiota cha matope na nyasi, kama kikombe.

Siku tatu zaidi alitazama. Aliona ndege wa pili, wanafanana, wanalisha kwa zamu. Aliona wakila matunda yaliyoanguka chini ya mkuyu. Katika kiota, pamoja na makinda mawili, aliona yai moja lisiloanguliwa, la kijani kibichi kilichochanganyika na buluu, lenye madoa ya kahawia. Shuleni mwalimu wa sayansi alisoma aliyoyaandika daftarini akasema, kwa maelezo hayo, ndege wa namna hiyo vitabuni huitwa mkesha.

Ndipo alipomwambia mama. Alimwambia yote, tangu kisimani mpaka mkia mwekundu.

Placidia aliacha kumenya ndizi. "Ulimwandikia mtu asiyeona kitu ambacho wewe hukukiona?"

"Ndiyo, mama. Nilitaka apate kizuri."

"Na mimi nikapiga kigelegele!" Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sikiliza. Andika kwamba tunamngoja Bukoba, mimi na mjomba wako. Mambo ya ndege yaache. Akishafika, akishakaa, utamwambia."

"Mama, alisema anarudi kwa sababu ya ile barua."

"Ndiyo maana nasema yaache! Akijua, hatarudi." Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye utomvu wa ndizi. "Miaka miwili, Kokubanza. Miaka miwili natandaza nyasi katika kibanja cha mtu asiyekuwepo."

Kokubanza aliandika barua mbili. Moja ilikuwa fupi, kama mama alivyotaka. Nyingine ilijaza kurasa nne. Ijumaa asubuhi mzee Egbert alipofika na baiskeli, barua zote mbili zilikuwa juu ya meza na bahasha moja kati yake.

"Mbona mmekaa kama kwenye matanga?" aliuliza.

Placidia alimweleza bila kuficha. "Nichagulie, mzee. Wewe umesoma."

"Mimi ni mchukuzi tu wa barua." Lakini alivua kofia, akakaa. "Placidia, mtu mwenye macho ukimdanganya, hugeuza shingo akatazama mwenyewe. Uongo wako unakufa palepale. Asiyeona hana pa kugeukia. Neno lako ndilo ukuta anaoupapasa, ndilo kizingiti anachokanyaga. Ukimwambia hakuna shimo, anatembea." Alimgeukia Kokubanza. "Na wewe, binti, hukudanganya kwa ubaya. Ulidhani kweli yetu ni maskini mno kumpelekea mgonjwa. Jifunze hili wakati bado u mdogo, mimi nilichelewa: kinachostahili kuandikwa ni ulichokiona, hata kikiwa cha rangi ya vumbi, na pale usipoona andika sijui. Ukikosea, rudi usahihishe kwa mkono uleule ulioandika. Hiyo ndiyo elimu. Nyingine ni herufi tu."

Kisha akamwuliza Placidia taratibu, "Unataka mumeo arudi hapa, au arudi katika kijiji ambacho hakipo?"

Placidia aliitazama barua fupi. Aliikunja mara mbili akaitia motoni. Akaivuta ile ndefu mbele yake. "Nisomee, Kokubanza."

Kokubanza alisoma.

"Baba mpendwa, shikamoo. Ndege niliyekuandikia hayupo. Tumbo na nyusi nilivichukua kwa ndege wa kisimani, mkia na mabawa nilivitunga. Nilisema nilimwona, na sikumwona. Nisamehe. Sasa nimekaa asubuhi tisa, nimemwona. Ni ndege wa rangi ya vumbi, mkubwa kidogo kuliko ngumi ya mama. Mdomo wake ni wa manjano kama ndizi iliyoiva jana. Ukimwona hujui kama anaweza kuimba. Ndiye yule anayefukua nyasi zetu, ambaye mimi na mama tulimpiga kwa madonge. Anatafuta minyoo, na wadudu weusi wanaokaa kwenye mashina ya migomba. Anatembea hatua chache, anasimama, anasikiliza. Kiota chake kimo ndani ya mkungu wa mgomba wa tatu nyuma ya jiko, na mama amekubali mkungu huo usikatwe mpaka makinda yaruke. Anayeimba ni dume au jike, sijui. Usiku analala wapi, sijui. Kibanja si kizima, baba. Migomba kumi na minne ilianguka kwa upepo wa mwezi wa tisa, na mibuni ya upande wa chini haijapogolewa tangu ulipoondoka. Uso wako sijauona. Nitakapouona nitakuambia ulivyo. Mama na mjomba watakupokea Bukoba ukipenda kuja. Ni mimi mwanao, Kokubanza."

Egbert alikohoa, akatazama nje mlangoni.

"Nipe penseli," alisema Placidia.

Hakuwahi kumwandikia mumewe neno kwa mkono wake. Aliinama juu ya karatasi, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, na chini kabisa, penye nafasi ya vidole viwili, akaandika kwa herufi kubwa zilizopanda mlima: NJOO. MIMI PLACIDIA.

Unyevu wa mvua ulikuwa umeharibu gundi ya bahasha. Kokubanza alileta kipande cha muhogo uliochemshwa, wakaponda, wakapaka kwa kidole, na mama akaigandamiza bahasha kwa kiganja mpaka ikashika. Akasoma anwani kwa sauti kabla mzee hajamwambia. Egbert aliifunga barua ndani ya karatasi ya nailoni, akaitia katika mkoba wake wa ngozi, akavuta kamba.

Njia ya kutoka Rugera kwenda Kayanga huanza kwa mlima. Mzee alikanyaga pedali, baiskeli ikayumba. Placidia alipandisha kanga magotini, akashika kiti cha nyuma, akaisukuma kwa nguvu zake zote mpaka juu kabisa.